Vidole Vinne, Birika Moja

Anayetaka kujua nchi inatawaliwaje asihangaike kwenda bungeni, huko watu wamesinzia. Aje kwenye benchi letu. Liko pale njia ya soko inapokutana na uchochoro wa shule, kati ya kibanda cha kinyozi na meza ya fundi viatu, mgongo limeuegemeza kwenye ukuta wa gereji. Lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa matofali. Mbele yake kuna mtaro mpana, mrefu kwenda chini, na juu ya mtaro kuna ubao mmoja ambao hata paka huufikiria mara mbili kabla ya kuuvuka. Hapo ndipo tunapokutana jua likianza kulegea, tunapanga mambo ya dunia, na dunia mpaka leo haijatuma hata salamu za shukrani.

Mimi hapo naitwa Begi. Nimehama miji mingi, sijawahi kukaa nyumba moja mpaka pazia likachakaa. Siku ya uchaguzi nilipanda basi alfajiri kwenda kupiga kura kule jina langu liliko, miji miwili nyuma, kwa sababu kulihamisha nilipanga kulihamisha kesho, na kesho hiyo bado naingoja. Nilifika wanafunga mlango. Askari akanitazama, akatazama begi, akasema, "Mzee, wewe uchaguzi ujao ulale hapahapa." Nikarudi na kidole cheupe kama cha mtoto mchanga, na tangu siku hiyo benchini sina kauli.

Mwenye kauli, na mwenye kahawa, ni Mama Birika. Mvua zilizopita alitumbukia kwenye mtaro ule na birika lake. Tulimtoa sisi wenyewe: mmoja kamshika kwapa, mwingine kaokoa birika, maana kila mtu huokoa anachokithamini. Mkono wa kulia ulivunjika na ukaunga vibaya, sasa anamimina kwa kushoto. Tulipokwenda kumwona wodini ndipo tukamwanza: Dada, gombea udiwani. Diwani wa chama cha Ngazi ametuahidi kifuniko cha mtaro kila uchaguzi, na kila uchaguzi ubao unaoza. Gombea wewe, kura zetu unazo. Akacheka. Tukang'ang'ania mpaka muuguzi akatufukuza. Basi akagombea kwa tiketi ya Kijiko, chama kidogo, kwa kuwa Ngazi ilikuwa na wenyewe. Wiki iliyopita matokeo yakatangazwa. Kashindwa. Tena kwa kura chache, jamani, chache za kuudhi.

Siku ninayoisimulia, aliyeanza ni Spana, fundi wa magari wa gereji iliyo nyuma yetu.

Spana: Kura chache namna ile? Hao waliomzidi si wangeenea kwenye benchi hili, na nafasi ya kuweka kofia ikabaki!

Soli: Ameibiwa huyu. Mchana kweupe.

Soli ndiye fundi viatu. Huongea na misumari midogo mdomoni, kwa hiyo maneno yake hutoka moja moja, kama yanatafuta mlango.

Spana: Mie shahidi. Kidole hiki kimeingia mle chumbani, kimetoka na wino.

Akainua kidole cha shahada, cheusi mpaka kwenye fundo. Soli naye akainua dole gumba, lina rangi ya hudhurungi na linang'aa vizuri.

Soli: Mama Birika, kata rufaa. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Sisi hapa ni vidole vinne. Chawa huyo akajiandae.

Mama Birika alikuwa anasuuza vikombe, hakuinua uso.

Mama Birika: Wakili wa chama amesema nikitaka rufaa nimpe watu. Waende mbele ya hakimu, waape kwamba walipiga kura, na waseme walichokiona.

Spana: Niandike wa kwanza!

Soli: Mimi hata leo. Nifunge meza twende?

Mashine: Mimi nitaapa mara mbili.

Mashine ni kinyozi. Yeye alionyesha kidole cha pete, cheusi tititi, bila doa pembeni. Na Mzee Muhuri, karani mstaafu wa ofisi ambayo hatujawahi kuambiwa ni ipi, akakohoa kikohozi cha kufungulia kikao, akanyoosha kidole cha kati, kwa heshima, pamoja na vingine ili kisieleweke vibaya. Cha kwake kilikuwa cha zambarau, mviringo kabisa.

Mzee Muhuri: Demokrasia, wanangu, ni ushahidi. Mtu asiye na kidole hana la kusema. Au siyo, Begi?

Nikafunika kikombe changu kwa kiganja.

Mimi: Ni kweli, Mzee.

Mashine: Huyu kasafiri kutwa nzima kwenda kutazama mlango unavyofungwa!

Spana: Mkimbiza vivuli viwili hukosa vyote, na hata kimoja ukikikamata hakishikiki. Ndivyo walivyosema wahenga.

Mimi: Wahenga gani hao?

Spana: Wa kwetu. Wewe huwajui, uko njiani siku zote.

Mzee Muhuri ndiye aliyetoa wazo. Haifai watu kwenda mbele ya hakimu bila mazoezi, alisema; wakili wa upande wa pili atawauliza maswali ya kuzunguka. Lazima tujaribu kwanza. Na kwa kuwa mimi sina kidole, sina upande, nikawa hakimu. Nikapewa stuli ya Mashine, ile inayopanda na kushuka, nikapandishwa hadi juu. Nilijisikia vizuri, nisiseme uongo. Katika miji yote niliyopita hakuna hata mmoja ulionipandisha.

Mimi: Shahidi wa kwanza. Sema ulichokiona.

Spana: Mheshimiwa, mimi kazi yangu ni magari. Gari likipiga kelele najua inatoka wapi. Nilipotumbukiza karatasi yangu nikasikia sanduku likasema "krr". Unajua nini kile?

Mimi: Karatasi?

Spana: Gia ya nyuma! Lile sanduku wamelifunga gia ya nyuma. Unaingiza Kijiko mbele, huku nyuma inatoka Ngazi. Ndiyo maana linafungwa kufuli. Kitu kisicho na gia unakifungia nini?

Soli: Naam! Penye moshi hapakosi mpishi.

Mimi: Na foleni ilikuwaje?

Spana: Eh, ndefu. Imezunguka tangi la maji la shule, imerudi mpaka getini.

Mimi: Shahidi wa pili.

Mashine alivua aproni kwanza, akakunja vizuri, kama anayeingia mahali patakatifu.

Mashine: Sanduku halina kosa. Kosa lipo kwenye kalamu. Mle ndani kulikuwa na joto, si mchezo. Ile kalamu waliyotupa ni ya wino wa mvuke. Ukiweka alama yako, nusu saa tu, joto likipanda, alama inapaa kama jasho. Wao wanahesabu jioni. Kwa nini wasihesabu asubuhi? Jiulize mwenyewe.

Spana: Asubuhi watu walikuwa hawajapiga.

Mashine: Ndiyo mpango wenyewe huo!

Mimi: Kwa hiyo alama za Kijiko zilipaa, za Ngazi zikabaki?

Mashine: Mheshimiwa, Ngazi ni ndefu. Haiwezi kupaa yote.

Hapo hata Mama Birika alicheka, kidogo, kwa pua. Sote tukafurahi. Tangu matokeo yatoke alikuwa hajacheka, na sisi hatuna kitu kingine cha kumpa.

Mimi: Na foleni, shahidi?

Mashine: Hakukuwa na foleni. Niliingia nikatoka.

Mimi: Mwenzako anasema imezunguka tangi.

Mashine: Itakuwa alizunguka yeye.

Mzee Muhuri: Kila mpiga kura ana saa yake. Endelea, Hakimu.

Wakati huo akaja mwanamke amevaa sare ya uuguzi, begi begani, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, ukanda wake umekatika. Hatukuwahi kumwona. Akamwomba Soli amshonee haraka, kwani ana zamu jioni. Soli akampisha kiti. Mama Birika akamkaribisha kahawa kwa mkono wake wa kushoto, naye akapokea kwa mikono miwili.

Mama Birika: Mgeni mtaani, mwanangu?

Muuguzi: Nimehamia mwezi uliopita, mama. Kwenye zile nyumba nyuma ya shule.

Soli hakuacha ushahidi wake ukapoa. Alishona huku anatoa kiapo.

Soli: Mimi, Mheshimiwa, niliwaona marehemu.

Mimi: Wapi?

Soli: Kwenye foleni. Mimi mtu simtambui kwa uso, namtambua kwa soli. Nikatazama chini, nikaona kiatu nilichokitia kiraka mwenyewe, cha yule mzee wa mkaa tuliyemzika wakati wa mvua. Kiraka changu kilekile! Nikasema moyoni, mwenye kiatu amelala, kiatu kimekuja kupiga kura.

Spana: Si amekirithi mwanawe?

Soli: Mwanawe mguu mdogo. Usinifundishe miguu.

Mashine: Na marehemu walimpigia nani?

Soli: Ngazi, bila shaka. Wako chini, wanataka kupanda.

Yule muuguzi alipaliwa kahawa. Mama Birika akampigapiga mgongoni.

Alipofika Mzee Muhuri, nikashuka kwenye stuli nikampa, maana siyo adabu hakimu kumtazama mzee kutoka juu. Akakaa, akarekebisha kola, akatutazama mmoja mmoja.

Mzee Muhuri: Nimewasikiliza. Gia, mvuke, viatu vya maiti. Mnazungumzia mambo madogo. Mimi nimekaa ofisini maisha yangu yote, najua shughuli za serikali zinavyokwenda. Jambo kubwa halifanywi mara moja. Lazima kuwe na majaribio. Sasa niwaulize: mliwahi kuona majaribio ya uchaguzi?

Spana: Hapana.

Mzee Muhuri: Mmeyaona. Ule wa juzi ndio ulikuwa majaribio! Uchaguzi wenyewe ulishafanyika kimyakimya, siku nyingine, mahali pengine, na wananchi wengine.

Nakiri kwamba kwa muda mfupi hata mimi niliona ina mantiki. Ingeeleza safari yangu.

Mashine: Mzee, hiyo mwambie hakimu mwishoni. Ukianza nayo, sisi wengine tutaonekana hatujajiandaa.

Spana: Basi, Mama Birika, umesikia. Kesho mwite wakili. Tunakwenda, tunaapa, unaingia ofisini, mtaro unafunikwa. Mchelea mwana kulia hununua mwingine.

Mama Birika: Mtaapa kweli?

Wote wanne waliinua vidole. Gumba, shahada, cha kati, cha pete. Jua la jioni likapiga juu ya rangi zile, nami nikaona wivu. Nikasema moyoni, kumbe ndivyo inavyokuwa siku hizi, mtu unachagua kiongozi na kidole unajichagulia.

Muuguzi alikuwa anakunywa tone la mwisho. Akakiweka kikombe chini. Akavitazama vile vidole, kisha akatazama mkono wake.

Muuguzi: Samahani, wazee wangu. Nyie mlipiga kura kituo gani?

Spana: Hapahapa shuleni. Pengine wapi tena?

Muuguzi: Hata mimi nilipiga hapo, jina nililihamisha nilipohamia. Lakini sisi sote walitupaka hiki.

Akaonyesha kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Wino ulikuwa umeshika kwenye kucha na pembeni ya ngozi, umeanza kufifia, wala haupendezi hata kidogo.

Muuguzi: Hata mama hapa ni hikihiki.

Ndipo sote tukageuka kumtazama Mama Birika. Mkono wa kushoto, ule anaotupa vikombe, kidole kidogo, kucha ya zambarau. Tangu siku ya uchaguzi alikuwa anatunyooshea mkono huo asubuhi na jioni, na sisi, mimi nikiwemo, tulikuwa tunatazama kikombe.

Vidole vikaanza kushuka. Soli alikiingiza chake ndani ya kiatu cha muuguzi na kujifanya anapima.

Spana: Mashine! Kumbe na wewe?

Mashine: Na wewe je? Hiyo si grisi ya gereji?

Spana: Mimi nilijua nyie mmekwenda! Wewe ulitoka, ukarudi na kidole.

Mashine: Nilitoka kumnyoa mteja. Nikakuta wewe una kidole, Soli ana kidole. Nikaona aibu, nikachovya kwenye rangi ya kufunikia mvi.

Soli: Mie nilipaka rangi ya viatu. Nilijua nyie watatu mnatosha.

Tukamgeukia Mzee Muhuri. Alikuwa bado juu ya stuli, na stuli ile ukiwa mtu mzima huwezi kushuka ghafla.

Mzee Muhuri: Mimi niliona foleni ipungue kwanza. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Mimi: Na rangi, Mzee?

Mzee Muhuri: Kidau cha wino wa muhuri. Kipo nyumbani. Kimekauka kidogo, ilibidi nitie mate.

Hakuna aliyecheka. Muuguzi alikuwa amejikunja kwenye kiti, kama aliyevunja chombo cha watu ugenini. Mama Birika akafuta mikono kwenye kanga yake, akaja akasimama mbele ya benchi. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo, hasira tungeijibu.

Mama Birika: Siku ya kura niliwaachia nini hapa?

Mashine: Birika.

Mama Birika: Lilikuwaje?

Mashine: Limejaa.

Mama Birika: Niliwaambiaje?

Spana: Twende kwa zamu. Mmoja abaki na birika, wengine wapige kura.

Mama Birika: Mimi nikakaa pale kituoni kutwa. Nawatazama watu wanaingia, nasema moyoni, sasa atatokea Spana. Sasa Soli. Labda wamekuja nilipoinama kufunga kiatu. Jioni nikarudi. Mkaniletea vidole mbiombio, hongera Dada, tumekupa. Nikafurahi. Nikasema basi nilinyanyue birika, niwamiminie wapiga kura wangu.

Akatazama vikombe vyetu.

Mama Birika: Lilikuwa jepesi. Birika zima, limekauka. Nikajiuliza, kama watu wangu walikuwa kwenye foleni, kahawa yote hii imenywewa na nani?

Jamani, mimi nimeulizwa maswali mipakani, na watu wenye bunduki, kwa lugha nisizozijua, nikayajibu. Hilo nilimwachia Spana. Spana alitazama matofali ya mguu wa benchi. Soli alitoa misumari mdomoni, yote, akaiweka mezani mmoja mmoja.

Mama Birika: Basi nikajua nimeshindwa kabla hawajafungua sanduku. Wakili nilishamwambia asije. Nilikuwa nangoja tu mmoja wenu aseme mwenyewe.

Soli: Dada. Tulikuwa tunakupenda kwelikweli.

Mama Birika: Najua, kaka yangu. Mlinipenda mkiwa mmekaa.

Muuguzi akaona ni saa ya kuondoka. Akavaa kiatu chake, akashukuru, akaaga kwa sauti ya chini, akaelekea mtaroni. Alipokanyaga ule ubao, ukalia na kupinda katikati. Sijui nani alikuwa wa kwanza. Nilichokiona ni wote wanne wameruka kwa pamoja, hata Mzee Muhuri kashuka kwenye stuli kama kijana. Spana kakandamiza ubao kwa mguu, Mashine kamshika mgeni mkono, Soli kapiga magoti kushikilia ncha ya ubao, na Mzee anatoa maelekezo yasiyohitajika. Mimi nilishika begi lake. Akavuka, nikamrushia. Akatugeukia, akatupungia kile kidole kidogo, akaenda zamu yake.

Mama Birika alikuwa amesimama palepale, ametazama yote.

Mama Birika: Kumbe mnaweza kusimama wote siku moja.

Tulirudi benchini kama watoto waliovunja dirisha. Baada ya muda Mashine akajikaza.

Mashine: Uchaguzi ujao, Dada, utaona. Utagombea tena?

Mama Birika: Nitagombea. Ila siku hiyo birika siliachi hapa. Nakwenda nalo kituoni, naliweka mwisho wa foleni, mlifuate huko.

Mzee Muhuri: Hapana, hapana. Kuwapa wapiga kura kinywaji ni rushwa. Sheria haikuruhusu.

Mama Birika: Litakuwa tupu, Mzee.

Mzee Muhuri: Tupu? Sasa litasaidia nini?

Mama Birika alilinyanyua birika kwa mkono wa kushoto, akaligeuza chini juu mbele yetu. Likatoka tone moja, likaanguka kwenye vumbi. Kahawa ilikuwa imekwisha tangu kikombe cha mgeni. Na sisi sote watano, yeye akitutazama mmoja baada ya mwingine, tulikuwa bado tumenyoosha vikombe.